Ukurasa wa Kumi na Nne

Anayetaka kujua wifi yangu ni mtu wa namna gani, amsikilize siku ya kufunga shule. Ni mwalimu, na kila mwaka yeye ndiye hupewa kipaza sauti atoe neno la shukrani, kwa kuwa hakuna amwezaye kwa kazi hiyo. Atamshukuru mwenyekiti wa kamati, mlinzi, wapishi, aliyeleta viti, na aliyeahidi viti asivilete. Mwaka mmoja alimshukuru fundi umeme, na umeme wenyewe ulikuwa umekatika, anapiga kelele kwa koo lake. Watu hucheka, lakini hurudi makwao wamefurahi. Mimi humwambia, "Wifi, wewe unaweza kuivika kilemba cha ukoka hata nguzo ya simu." Naye hunijibu kwamba neno zuri halimuumizi mtu.

Nina duka la vifaa vya kuandikia karibu na lango la chuo. Nachapa, nadurufu, najalidi. Kwa miaka yote hiyo nimegundua kwamba wasomi wote wana ugonjwa mmoja: kazi yao huja imekamilika isipokuwa orodha ya marejeo, kama mtu aliyevaa suti akasahau viatu. Wifi alikuwa vilevile. Alirudi kusoma akiwa mtu mzima, watoto wamekwisha kuwa wakubwa, na makala yake ilihusu bustani za shule: kwa nini hupandwa kwa shangwe na kufa kila likizo. Msimamizi wake alimwambia makala ikichapishwa kwenye jarida la chuo, mlango wa kufundisha walimu wenzake utafunguka.

Baba yetu anaitwa Bwana Shamba. Alistaafu zamani lakini jina la kazi limemganda. Tangu mama afariki anaishi kwa kaka yangu, na kwa kuwa kaka ni mtu wa kazi za mbali, maana yake ni kwamba anaishi kwa wifi. Kusema kweli, kwa kumtunza mkwe sijamwona wa kumfikia. Chai ya baba haijawahi kuchelewa, shati lake halijawahi kukosa kifungo. Mimi binti yake wa kumzaa huona haya nikimtembelea na ndizi zangu mbili.

Siku wifi alipoanza masomo, baba alimpa kijitabu chake, kimoja tu alichowahi kuandika maishani. Alikifuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, humu utapata kitu." Wifi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno ambayo mimi nisingeyaweza hata kwa kuandikiwa, kisha akakiweka juu ya kabati la vyombo. Huko kikakaa.

Acha niseme kilichomo, maana mimi nakijua. Zamani kazi ya baba ilikuwa kuzunguka shule akikagua bustani. Wakubwa walitaka kila shule iwe na bustani, na walitaka ripoti nzuri. Akafika shule moja iliyo mbali na maji, akakuta mboga zimestawi ajabu na watoto midomo imewapasuka kwa kiu. Waliteka maji bondeni kabla ya kengele ya kwanza, na aliyemwaga njiani alichapwa. Msichana mmoja alianguka mteremkoni na ndoo yake, asitembee tena vizuri. Baba aliandika kijitabu chake kwa lugha kavu ya ofisini, isipokuwa sentensi moja: "Mboga zile zilikunywa maji kabla ya watoto." Akasema wazi kwamba shule isiyo na maji isilazimishwe kuwa na bustani. Mwaka haukwisha, akashushwa cheo, tukahamishwa, akawa mtu wa kuhesabu magunia ghalani mpaka alipostaafu. Nilikuwa darasa la tatu. Nyumbani mama alikataza jambo hilo lisitajwe, na wifi alipoolewa kwetu alisikia tu kwamba baba aliwahi kuhamishwa, kama wahamishwavyo watumishi wote.

Jumamosi moja wifi alikuja dukani na mfuko mzima wa vikaratasi. Vyanzo vyake vingine vilikuwa nyuma ya bahasha, vingine pembeni mwa daftari la mahudhurio, vingine picha za simu zenye kidole gumba ndani yake. Nikamkalisha kwenye kompyuta.

"Jina la ukoo kwanza," nilimwambia. "Kisha herufi ya jina la kwanza. Mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa maandishi ya mlazo, mji, mchapishaji, nukta."

"Na Profesa naweka wapi?"

"Profesa haingii. Wala Daktari, wala Mheshimiwa. Humu wote wanaingia vichwa wazi."

Alicheka akijiziba mdomo. Lakini tulipofika kwenye kuwapanga, alisita kweli. "Wifi, huyu ni kijana wa juzi tu. Anamtangulia mwalimu wake?"

"Alfabeti haiamkii wakubwa. Endelea."

Tukaendelea. Nilidhani tumemaliza, akatoa simu yake. "Bado mmoja," akasema. Ilikuwa picha ya jalada la kijitabu cha baba. Jalada tu.

"Umekitumia wapi?"

"Nitakitumia. Asubuhi ameniuliza, 'Nami nimo?' Nikamjibu, 'Baba, utakosaje?' Sasa nimwache nje? Ni sawa na kufanya sherehe nyumbani kwa mtu na mwenyewe usimwalike."

"Orodha ya marejeo si kadi za mwaliko, Mwalimu. Anayeingia humu ni yule uliyemsikiliza. Kama hukumsikiliza, mtoe."

"Nitakisoma wiki hii hii, wifi. Haki ya Mungu."

Jalada halikuwa na mwaka. Nikamtajia mimi, mwaka ule tuliohamishwa. Kuliandika jina la mkwe wake bila "Mzee" mbele kulimshinda, vidole vikakauka juu ya herufi, nikaandika mwenyewe. Alfabeti ikamtupa baba katikati ya maprofesa wawili. Tukalitazama jina lile kwenye kioo cha kompyuta, na mimi nisiyependa kilemba cha ukoka nilijikuta natabasamu peke yangu.

Kijitabu hakikusomwa wiki ile, wala iliyofuata. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, kulikuwa na mtoto aliyeumwa jino. Kisha mhariri wa jarida, mama mmoja asiye na mchezo, akamrudishia makala na alama nyekundu: chanzo hiki kipo kwenye orodha lakini hakionekani ndani ya makala, kitumie au kiondoe, nasi tunachapa kesho. Safari hii wifi hakuja kwangu. Ningejua ningemshika mikono. Alikuwa kwenye chumba cha walimu, karatasi za mtihani zimemfikia kidevuni, akawaza: bwana shamba ataandika nini juu ya bustani kama si kuzisifu? Akatunga sentensi moja nzuri. Aliandika kwamba baba anasisitiza kila shule iwe na bustani, hata pale ambapo maji ni ya kufuatwa mbali, kwa kuwa jasho humjenga mtoto. Mwishoni mwake akaweka jina la baba, mwaka, na ukurasa wa kumi na nne. Akatuma, akarudi kwenye mitihani yake.

Jarida lilipotoka nililipeleka mwenyewe. Ilikuwa alasiri, baba yupo barazani na wenzake wa kila siku, Fundi Saa na Karani. Karani alikuwa wa mahakama enzi zake, ndiye aliyejua kisa cha kijitabu tangu kilipotoka, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya shule anayofundisha wifi. Ana moyo mzuri, lakini jambo likiingia sikioni mwake jioni, asubuhi limeshafika sokoni.

Baba hakuanza mwanzo. Alifungua nyuma, kwenye orodha, akashuka na kidole jina kwa jina mpaka akajikuta. Akavua miwani, akaipangusa, akajikuta tena. "Nimo," alisema. Wifi alikuwa mlangoni, uso umemng'aa. Fundi Saa akampa baba mkono kama aliyepata mtoto.

"Sasa umesema nini humo?" aliuliza Karani. "Lete, nina sauti ya mahakama mimi."

Akapekua, akapata mahali, akasoma kwa sauti. Kila shule. Hata pale ambapo maji ni ya kufuatwa mbali. Jasho humjenga mtoto. Alipomaliza alishusha jarida polepole, akamtazama baba.

"Kumbe uliwarudia wakubwa, Bwana Shamba? Baada ya yote yale?"

Baba alichukua jarida, akalisogeza machoni, akasoma mwenyewe, akarudia. Nikamtazama wifi, naye akanitazama mimi, na bado hakuelewa. Nilimwona akitafuta usoni pangu amekosea wapi. Fundi Saa, mtu mwenye haya, akasema mvua inakaribia, na mbingu ilikuwa nyeupe. Wakaondoka.

Walipokwenda, baba alimwita. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

"Mwanangu, umeandika ukurasa wa kumi na nne."

"Ndiyo, Baba."

"Kijitabu changu kina kurasa kumi na mbili."

Nimeona watu wakiaibika. Nimeona mwanafunzi akirudishiwa tasnifu mbele ya mchumba wake, nimeona mtu mzima akishikwa na kalamu zangu mfukoni. Sijaona mtu akinywea vile. Wifi, mtu wa maneno, alipiga magoti pale pale sakafuni, akajifunika uso na khanga, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumfokea, nikajikuta natazama pembeni.

"Hukukisoma," alisema baba.

"Sikukisoma, Baba. Nisamehe."

"Si lazima mtu akisome. Ni kidogo, ni cha zamani." Akalifunga jarida. "Ila nitoe. Tafadhali, mwanangu, nitoe humo."

Mtu aliyekuwa akiuliza kama yumo, sasa anaomba atolewe. Na hatoki. Wifi alinifuata dukani, tukampigia mhariri. Mama yule alisikiliza, akapumua. Jarida limekwisha kusambazwa, alisema. Kinachowezekana ni masahihisho, mistari miwili mwishoni mwa toleo lijalo, nalo ni la mwakani. Wifi akamshukuru. Hata pale alishukuru! Nikamnyang'anya simu.

"Neno zuri halimuumizi mtu, siyo?" nilimwambia. "Mtu huyu alipoteza cheo chake kwa kusema jambo moja. Moja tu! Wewe umemsemesha kinyume chake, ukamwekea na ukurasa juu." Nikamweleza yote: ghala, magunia, mama akitukataza kuuliza. Nilikuwa na hasira na sikuzichagua kauli.

Hakujitetea. Alitoa kijitabu kwenye mkoba, alikuwa amekishusha kabatini wakati wa kutoka, akakisoma pale kwenye kiti cha wateja, huku mashine ya fotokopi ikiunguruma na watu wakimpita. Kusoma kurasa kumi na mbili si kazi, mtu anamaliza chai ikiwa bado moto. Alipofika kwenye ile sentensi ya mboga aliinama, mabega yakawa yanamtikisika, mteja mmoja akaniuliza kama dada yule amefiwa.

"Nilidhani namheshimu," aliniambia baadaye. "Miaka yote hii, wifi, kumbe nilikuwa nampigia magoti tu. Sikuwahi kumuuliza chochote." Kisha akasema, "Kesho wakija nitawaambia wenyewe."

"Karani yule ni mwenyekiti wako. Akijua unabuni kurasa, kufundisha walimu kutakuwa ndoto."

"Najua."

Nilimwona ameamua, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze nikamwonea fahari.

Kesho yake nilifunga duka mapema nikaenda. Wazee walikuwa wamefika. Wifi alikuwa ndani akiandaa chai, mkoba begani kana kwamba anasafiri, kwa sababu kijitabu kilikuwa humo na hakutaka kukiweka chini tena. Tukasimama nyuma ya pazia la mlango, yeye na sinia, mimi na birika. Karani alikuwa hajaliachia jambo.

"Sikulala, Bwana Shamba," alikuwa akisema. "Mimi nilikuwa nawasimulia wajukuu zangu habari zako. Kwamba yupo mtu aliyekataa. Sasa niwaambie nini?"

Tukamsikia baba akikohoa.

"Waambie nilibadili mawazo," alisema. "Kijana husema mengi. Nilikosea wakati ule, nikaandika upya kidogo, basi. Mkamwana ameandika sawa."

Wifi akasogea kwenye pazia. Nilielewa mara moja, na yeye alielewa kabla yangu. Baba alijua Karani anakaa wapi kwenye kamati. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani, na alikuwa anaketi pale mchana kweupe akilitupa, ili mke wa mwanawe asiitwe mwongo.

Wifi alitoka. Hakuiweka sinia chini, alisimama nayo katikati yao.

"Baba hakubadili mawazo," alisema. "Hakusema vile kamwe. Mimi nilibuni. Sikukisoma kitabu chake, nikamwandikia maneno yangu, na ukurasa nikaubuni. Kosa ni langu lote."

Karani akapiga paja lake, akacheka kwa furaha, macho yakimlowa.

"Fundi, umesikia? Umesikia mkamwana huyo? Anamfichia mkwe wake aibu!"

"Siyo hivyo, Mwenyekiti. Nasema kweli."

"Mwalimu, sisi tunakujua. Wewe hata fundi umeme ulimshukuru gizani." Fundi Saa naye akacheka, kwa upole. "Bwana Shamba, kugeuka umegeuka, lakini mke kama huyu mwanao alimpata wapi?"

"Nina kitabu," alisema wifi. Akaanza kutafuta mahali pa kuweka sinia ili afungue mkoba. "Ninacho, someni wenyewe."

"Kililiwa na mchwa," alisema baba.

Alisema taratibu, akimtazama yeye. Kisha akanitazama mimi, kwa maana aliniona navuta pumzi, na jicho lile nalijua tangu utotoni. Birika liliniunguza vidole, nikanyamaza.

"Kililiwa zamani," alirudia. "Alichonacho ni jalada tu. Mwanangu, weka hiyo sinia, umesimama sana. Kaa."

Wifi aliketi kwenye kigoda, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Mimi nikamimina chai. Karani alikuwa bado anafuta macho, akisema kwamba mbele ya kamati atalitaja jambo hili, kwamba watu waje wajifunze adabu kwa mwalimu huyu, na baba akawa anaitikia kwa kichwa. Wifi alisikiliza sifa zake zote mpaka mwisho, uso chini, bila kugusa kikombe.